Hati ya Mwezi wa Malimbikizo

Mume wangu ni nesi. Nalisema hilo mapema kwa sababu mtaani kwetu wanamwita Dokta, na kwa miaka mingi sisi wawili tuliliacha jina hilo litembee. Mtu akiniuliza mume wangu anafanya kazi gani, nilikuwa najibu kwamba yuko hospitali, kisha naendelea kukanyaga cherehani yangu. Sikudanganya. Niliwaacha tu watu wajidanganye wenyewe, nami sikutaka kuwasumbua.

Ana miaka ishirini na miwili kazini. Ni mtu mrefu, mpole hadi anakera, mwenye vidole vyembamba visivyolingana na kimo chake, na vidole hivyo ndivyo vilivyompa heshima wodini. Mtoto mchanga akikosekana mshipa wa kuwekea dripu, hata madaktari wenyewe humtuma mtu amwite. Atakuja, atamshika yule mtoto mkono, atamsemesha upuuzi fulani, na kabla mama hajamaliza kufumba macho kazi imekwisha. Nyumbani vidole hivyo hivyo vimeshindwa kukaza bawaba ya kabati kwa mwaka wa tatu sasa, na nimekwisha kukata tamaa.

Kuhusu mshahara wake nitasema hivi: ipo miezi ambayo mimi na cherehani yangu tunamzidi, hasa miezi ya kufungua shule, watu wanapotaka sare. Miezi hiyo nanunua vitu vya nyumbani kimyakimya, naye huvikuta jikoni wala haulizi vimetoka wapi. Ndoa yetu ina maswali mengi ya namna hiyo, na tumezoeana nayo.

Sasa nimlete dada yake, maana bila yeye habari hii haina kichwa wala miguu. Wifi yangu ni mdogo wake kwa miaka miwili, anafua mashuka katika nyumba moja ya wageni, ghorofa ya chini kule nyuma, kwenye chumba chenye mabeseni manne ya saruji na dirisha lisilofunguka. Shuleni yeye ndiye aliyekuwa na akili. Hilo mume wangu mwenyewe analikiri. Lakini baba yao alikuwa na karo ya mtoto mmoja tu, na aliyechaguliwa ni wa kiume, akapelekwa chuo cha uuguzi. Dada mtu akatolewa darasani akiwa anaongoza. Hajawahi kumkumbusha kaka yake jambo hilo hata siku moja. Angemkumbusha, labda wangegombana yakaisha.

Wifi ana binti mmoja. Tunamwita Kikokotoo, kwa sababu tangu akiwa mdogo hapiti dukani bila kujumlisha bei za vitu vya watu wengine. Alipomaliza shule alipata barua mbili katika wiki moja. Ya kwanza ilitoka chuo cha uuguzi, miaka mitatu, karo juu yake. Ya pili ilitoka kampuni ya umeme, iliyotaka vijana wa kufundishwa ufundi wa nyaya na mita, tena kwa posho ndogo tangu mwezi wa kwanza. Zote mbili zilitaka jibu kabla ya Ijumaa. Jumapili akaja kwetu na mama yake, na daftari kwapani.

Alikuwa ameugawa ukurasa kwa mstari wa rula, upande huu unesi, upande ule umeme. Akamhoji mjomba wake hasa. Zamu ni za saa ngapi, likizo ni siku ngapi, glavu zikiisha mnafanyaje, mgonjwa akikutukana unaruhusiwa kujibu. Mume wangu alikuwa anajibu kwa raha ambayo sikuwa nimeiona siku nyingi. Alinyoosha miguu. Alichekesha. Niliona wazi kwamba anamtaka huyu mtoto aingie unesi kuliko anavyotaka kitu kingine chochote, kwa sababu watoto wetu wawili walikwisha kumwambia mchana kweupe kwamba hawaigusi kazi hiyo. Huyu ndiye aliyekuwa amebaki.

Ndipo Kikokotoo akafungua kalamu upya. "Mjomba, nisamehe kwa swali hili. Kwa mwezi unapata kiasi gani?"

Wifi akamkemea kwamba hayo si maswali ya kumuuliza mtu mzima. Mume wangu akasema mwache, mtu anayepanga maisha yake lazima ajue, kisha akanyanyuka akaenda chumbani. Nilimsikia akivuta begi la vyeti vyake kutoka chini ya kitanda, na hapo hapo nikajua ataleta hati ipi ya mshahara.

Miaka sita iliyopita mume wangu alipandishwa cheo kwenye karatasi. Kwenye karatasi tu. Kwa miaka mitatu aliendelea kulipwa mshahara wa cheo cha zamani huku akiandika barua, akifuatilia ofisi hii na ile, akiambiwa faili lake liko mezani kwa mtu aliye safarini. Halafu mwezi mmoja, bila taarifa, wakamlipa tofauti yote ya miaka mitatu kwa mkupuo. Malimbikizo, ndivyo wanavyoyaita. Mwezi ule tuliezeka chumba cha nyuma, tukalipa karo za mwaka, nami nikapata cherehani ya pili. Mwezi uliofuata mambo yakarudi palepale. Lakini hati ya mshahara ya mwezi ule hakuitupa. Aliiweka kwenye mfuko wa plastiki pamoja na cheti cha ndoa.

Ndiyo aliyorudi nayo sebuleni. Alikuwa ameikunja ili ionekane sehemu ya chini peke yake, na hakumpa mtoto aishike. Alisema namba zake ni ndogo, afadhali amsomee. Akasoma.

Wifi yangu aliweka kikombe chini. Alimtazama kaka yake kwa muda, kisha akajifuta macho kwa upande wa kiganja, upande ambao haukuchubuliwa na sabuni. "Kumbe haikupotea bure," alisema, kwa sauti ndogo kama anajiambia mwenyewe.

Kikokotoo aliiandika ile namba, akaikazia macho. Halafu akauliza kama ni hivyo kila mwezi. Alimuuliza mjomba wake, lakini mjomba wake alikuwa anaikunja ile karatasi, akaikunja tena, akakosa pa kuikunja. Wifi alikuwa bado na machozi usoni, na mimi ni mtu nisiyeweza kuvumilia kimya mbele ya wageni.

"Kunakuwa na makato ya hapa na pale," nikasema. "Lakini ndiyo hivyo."

Nimeshona nguo za watu kwa miaka kumi na minane na nimewahi kusema uongo mwingi wa kifundi, njoo kesho, imebaki vifungo tu, umeme ulikatika. Huo wa Jumapili haukuwa wa jamii hiyo. Niliusikia ukitoka kinywani, nikautazama ukimfikia yule mtoto, nikamwona akiuandika. Wakati wa kuwasindikiza nilijichekesha sana. Walipoondoka mume wangu alirudisha begi chini ya kitanda, mimi nikaosha vikombe, na ungetukuta ungedhani tumefiwa.

Jumanne asubuhi wifi akaja dukani kwangu, ninakoshonea, kabla ya kuingia kazini, na kitambaa cheupe mkononi. Alikuwa amekinunua mwenyewe, kizuri, kile kizito kisichoonyesha ndani. Sare ya wanafunzi wa unesi, akasema, nimkatie mapema asije akahangaika. Nikamwambia mbona mtoto hajajibu barua. Akacheka. Akasema atakosaje kujibu, mtu mwenye akili timamu ataacha mshahara ule akapande nguzo? Kisha akanisimulia jinsi alivyowaeleza wenzake kule kwenye mabeseni, na jinsi msimamizi wao, mwanamke mwenye maringo, alivyotulia kimya kwa mara ya kwanza. Alinisifu mimi pia. Alisema mwanamke mwingine angekuwa na mume wa mshahara ule angeacha kushona na kuanza kuringa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na cherehani yangu.

Nilikitandika kile kitambaa mezani. Nilichukua chaki, nikachukua mkasi, nikaurudisha mkasi. Wateja wawili walikuja wakanikuta nimesimama tu, na mmoja akaniuliza kama naumwa. Mchana nilikuwa bado sijakata hata sentimita moja.

Jumatano nikamfuata mume wangu kazini. Nilibeba chakula kwenye bakuli ili nipate sababu ya kupita getini, lakini moyoni nilikuwa nimebeba ugomvi. Nilimkuta kwenye chumba cha kufungia vidonda, na mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo nikasubiri kwenye benchi nikamwona bila yeye kuniona. Alikuwa amepiga magoti sakafuni mbele ya mzee mmoja mwenye kidonda cha mguu, kidonda cha muda mrefu, harufu yake ilifika hadi pale benchini. Alikuwa anaiondoa bandeji iliyogandia kwa kuilowesha kidogo kidogo, polepole, huku akimuuliza yule mzee habari za kuku wake. Mzee alikuwa amekunja uso kwa kujihami, lakini maumivu aliyokuwa anayangoja hayakuja. Alipogundua bandeji imekwisha kutoka alicheka kwa mshangao. Watu kwenye benchi walikuwa kumi na wanne, niliwahesabu, na dawa ya kuoshea ilikuwa imebaki chupa moja.

Nikaona fahari, nakiri. Halafu nikaona aibu kubwa kuliko ile ya Jumapili, kwa sababu mtu huyu hakuwa na haja ya ile karatasi. Alichotakiwa kumwonyesha yule mtoto kilikuwa hapa, wazi, mchana, na kilikuwa cha kweli.

Tulikaa nyuma ya stoo, kwenye ngazi. Nikamwambia sitakata kile kitambaa. Nikamwambia mtoto wa watu anaingia miaka mitatu ya karo akidhani anakwenda kupata kitu ambacho wewe mwenyewe ulikiona mara moja. Alikula vijiko viwili akafunika bakuli.

"Nitamwambia nini dada yangu?" akaniuliza. "Kwamba aliacha shule ili mimi nipate hiki ninachopata? Unataka nimwonyeshe hati ya mwezi huu, aone thamani ya kichwa chake?"

Nilikuwa nimekuja kugombana na nikajikuta namwondolea uzi kwenye bega la sare. Aliniambia atazungumza na mtoto kesho, kabla ya zamu ya mchana, na nikamwambia akishindwa yeye nitasema mimi. Wakamwita ndani. Kuna mtoto mchanga alikuwa hapatikani mshipa.

Alhamisi Kikokotoo akaja dukani saa nne. Alikuwa ametumwa na mama yake aje apimwe. Nilichukua tepu nikaivuta shingoni mwangu, nikampima bega, nikampima kifua, na kila namba niliyoiandika niliiandika kwa mkono wa mwizi. Alisimama wima akiwa ametulia mno. Nilikuwa nafikia kiuno mume wangu alipoingia, tayari amevaa sare ya kazi, na karatasi mkononi.

Hakukaa. Aliifungua ile karatasi yote, akailaza mezani juu ya kitambaa cheupe, akailainisha kwa vidole vyake. Ilikuwa hati ya mwezi uliopita.

"Ile niliyokusomea Jumapili haikuwa ya kawaida," akasema. "Ni mwezi mmoja walionilipa malimbikizo. Mshahara wangu ni huu. Nilikudanganya, mwanangu."

Nami nikasema hapo hapo, kabla sijapata woga, kwamba nilijua, na kwamba aliyemjibu ni mimi.

Kikokotoo aliinama akaisoma karatasi yote, tangu jina hadi chini, makato yote, mkopo, bima, pensheni, chama cha kuweka na kukopa. Hakuwa na haraka. Nilimwona akijumlisha kwa midomo. Kisha akatoa daftari, akafungua ukurasa ule wa mstari, akatuonyesha. Chini kabisa ya upande wa unesi kulikuwa na namba iliyoandikwa kwa penseli, na ilikaribiana sana na ile iliyokuwa mezani.

"Hii niliikisia kabla hatujaja kwenu," akasema. "Kule chuoni wamebandika mshahara wa kuanzia, nikahesabu miaka ishirini mbele. Nikahesabu kodi, chakula, mama kuacha kufua mwaka wa nne. Ingetosha, Mjomba. Kwa kubana, lakini ingetosha. Nilikuwa nimekwisha kuamua unesi kabla ya Jumapili."

Mume wangu akamuuliza kwa nini basi aliuliza.

Kikokotoo alikuwa anatafuta namna ya kusema bila kumvunjia mkubwa heshima, na namna haikupatikana. Alisema alitaka tu kumsikia mtu aliyeifanya miaka ishirini na miwili akiitaja namba hiyo bila kuona haya. Aliposomewa ile kubwa alijua hapo hapo haiwezekani, lakini mama yake alikuwa analia kwa furaha, akanyamaza. Usiku mzima akawa anajiuliza ni kazi ya namna gani hii, ambayo mtu mpole kama mjomba wake, anayependwa na wodi nzima, anaificha kwa ndugu zake mwenyewe.

"Mshahara mdogo ningeuzoea," akasema. "Ila hivyo mlivyotazamana Jumapili, wewe na Anti, nikasema hapana. Barua ya umeme nimeipeleka jana. Nimekuja kumwomba Anti asikate kitambaa."

Jana. Wakati sisi tumekaa kwenye ngazi nyuma ya stoo tukipanga kusema kweli, yeye alikuwa amekwisha kusimama kwenye foleni ya kampuni ya umeme. Nilimtazama mume wangu. Uso wake ulikuwa umemshuka kabisa, na sikuwahi kumwona akiwa mzee kama alivyokuwa dakika ile, na sare yake nimeipiga pasi kwa mkono wangu. Akataka kusema kitu kuhusu kazi, kuhusu yule mzee wa kidonda labda, au watoto wa dripu, nadhani alikuwa na mengi ya kweli ya kusema. Alikuwa na Jumapili nzima ya kuyasema.

Kikokotoo akaanza kutufariji sisi, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Akasema tusiwe na wasiwasi, hatamwambia mama yake sababu. Atasema tu kwamba amependa nyaya, kwamba posho inaanza mapema, atapata la kusema. Ile namba ya Jumapili itabaki kama ilivyo. Aliyasema haya akifunga daftari lake, kwa adabu zote, mtoto wa miaka kumi na tisa akitupangia uongo wetu vizuri kuliko tulivyoupanga wenyewe.

"Usimdanganye mama yako kwa ajili yangu," mume wangu akasema. "Nitakwenda mwenyewe. Sasa hivi."

Nikamkumbusha zamu inaanza saa nane. Akasema atachelewa, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili, na wamkate wanachotaka. Nikaona afadhali, nikashukuru moyoni, nikaanza kukusanya pini zangu kwenye kopo. Nilikuwa nimekwisha kuona jinsi nitakavyobaki pale dukani nikimwombea heri mpaka arudi anisimulie.

Alifika mlangoni akasimama, akageuka.

"Na wewe twende," akaniambia. "Swali la kila mwezi ulilijibu wewe."

Nilitafuta kisingizio. Nilikuwa na gauni la mteja la saa tisa, kweli kabisa, liko kwenye mashine. Lakini yule binti alikuwa ananitazama kama alivyonitazama ile Jumapili, kalamu mkononi, akingoja jibu langu ili aliandike. Nikakikunja kile kitambaa cheupe kikiwa kizima, nikakiweka kwenye mfuko wake, nikafunga duka. Tulitembea watatu hadi nyuma ya nyumba ya wageni. Kupitia mlango nilimwona wifi yangu akikamua shuka, mikono imezama hadi kwenye viwiko, na alipotuona akatabasamu na kuwaambia wenzake, kwa sauti ili yule msimamizi asikie, kwamba huyu ndiye kaka yangu niliyewaambia.